Hedy Lamarr: mwigizaji wa sinema aliyebuni mawimbi yanayorukaruka, miaka 50 kabla ya Bluetooth

Katika usultani wa Luhwindja, mtaani Mwenga, kama ilivyo Bukavu mjini, Bluetooth imekuwa jambo la kila siku. Kijana anampa mwenzake wimbo kutoka simu hadi simu bila kununua megabaiti. Wanakwaya wanaunganisha simu na bafle ili wafanye mazoezi. Dereva anapandisha milima ya Kivu Kusini huku redio ya gari ikicheza muziki ulio mfukoni mwake. Na karibu wote wanaijua kero moja: wimbo unakatika katikati, bafle inakwaruza kidogo, kisha kimya.

Wachache wanajua kwamba namna Bluetooth inavyosafirisha sauti, kwa kurukaruka kutoka wimbi moja hadi lingine, inafanana na wazo lililosajiliwa nchini Marekani mwaka 1942 na mwanamke ambaye dunia ilimjua kwa sura yake tu. Jina lake la sinema lilikuwa Hedy Lamarr. Alikufa mwaka 2000, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake hakuna aliyemuuliza habari za mawimbi.

Mtoto aliyefungua kisanduku cha muziki

Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1914 mjini Vienna, Austria, akaitwa Hedwig Eva Maria Kiesler. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeanza miezi michache tu kabla. Baba yake, Emil Kiesler, alikuwa mtu wa benki. Mama yake, Gertrud, alikuwa mpiga piano. Familia zote mbili zilikuwa na asili ya Kiyahudi, na Hedwig alikuwa mtoto wao wa pekee.

Baba alipenda kutembea naye mjini huku akimweleza jinsi vitu vinavyofanya kazi: treni ya barabarani, mashine ya kuchapisha, umeme. Inasimuliwa kwamba akiwa na miaka 5 alikifungua kisanduku chake cha muziki, akatoa vipande vyote, kisha akavirudisha mahali pake. Hakusomea ufundi katika chuo chochote. Elimu hiyo ya matembezi ndiyo iliyobaki naye.

Akiwa bado msichana aliacha shule na kuingia kwenye sinema. Mwaka 1933 alionekana katika filamu iitwayo Ekstase, ambamo alionyeshwa bila nguo. Filamu hiyo ilizua kelele Ulaya nzima, na tangu siku hiyo watu walimkumbuka kwa picha zile kuliko kwa neno lolote alilosema.

Meza ya mfanyabiashara wa silaha

Mwaka huohuo wa 1933 aliolewa na Fritz Mandl, mmoja wa matajiri wakubwa wa Austria, mwenye kiwanda cha risasi na silaha. Mandl alikuwa mume mwenye wivu mkali. Alimzuia mke wake kuigiza na akajaribu kununua nakala zote za ile filamu ili zipotee. Lakini alipenda kumketisha mezani mbele ya wageni wake, ambao walikuwa majenerali, wahandisi na wanunuzi wa silaha.

Wageni hao walizungumza juu ya mabomu, nyambizi na makombora ya majini. Walizungumza pia juu ya tatizo lililowasumbua wanajeshi wengi: namna ya kuongoza kombora kwa redio bila adui kuvuruga mawimbi. Hakuna aliyedhani kwamba yule mwanamke mrembo aliyeketi kimya alikuwa akisikiliza. Yeye alisikia, akaweka moyoni.

Mwaka 1937 alimtoroka mumewe. Mjini London alikutana na Louis B. Mayer, mkuu wa kampuni ya sinema ya MGM ya Marekani. Mayer alimpa mkataba wa dola 125 kwa wiki, naye akakataa. Kisha akapanda meli ileile iliyokuwa ikimrudisha Mayer Marekani, na kabla ya safari kwisha alikuwa amepata dola 500 kwa wiki na jina jipya: Hedy Lamarr. Mwaka uliofuata, 1938, filamu ya Algiers ilimfanya nyota. Mwaka huohuo Hitler aliimeza Austria, na mji aliozaliwa haukuwa tena mahali salama kwa watu wenye asili yake.

Watoto 77 baharini

Huko Hollywood, Lamarr alirudi nyumbani jioni bila hamu ya karamu. Alikuwa na meza ya kuchorea na vitabu vya ufundi. Alijaribu kutengeneza kidonge cha kugeuza maji kuwa soda, lakini hakikufaulu. Alimshauri tajiri wa ndege Howard Hughes kuhusu umbo la mabawa, baada ya kuangalia maumbile ya ndege na samaki wenye kasi.

Usiku wa tarehe 17 Septemba 1940, nyambizi ya Wajerumani iliizamisha meli ya City of Benares katika bahari ya Atlantiki. Meli hiyo ilikuwa imebeba watoto 90 wa Kiingereza waliokuwa wakihamishiwa Kanada ili wakwepe mabomu. Watoto 77 kati yao walikufa. Mama yake Lamarr naye alikuwa bado ng'ambo ya bahari hiyohiyo.

Wakati huo Lamarr alikuwa amefahamiana na George Antheil, mtunzi wa muziki aliyezaliwa New Jersey mwaka 1900. Antheil alijulikana kwa kazi moja ya ajabu iitwayo Ballet Mécanique, iliyoandikwa kwa ajili ya piano zinazojipiga zenyewe. Piano hizo hazina mpigaji: karatasi ndefu yenye matundu huzunguka ndani yake, na kila tundu hubonyeza noti yake.

Lamarr alileta wazo. Kombora linaloongozwa kwa wimbi moja la redio ni rahisi kulivuruga: adui akishalijua wimbi hilo, anapiga kelele juu yake, na kombora linapotea. Lakini vipi kama wimbi halikai mahali pamoja? Vipi kama mtumaji na mpokeaji wanaruka pamoja, kila mara kwenye wimbi jipya, kwa mpangilio wanaoujua wao wawili tu? Antheil alileta njia ya kulifanya wazo hilo litembee: karatasi mbili zenye matundu yaleyale, moja melini na nyingine ndani ya kombora, zikianza kuzunguka kwa wakati mmoja. Waliweka mawimbi 88, idadi ileile ya vibao vya piano. Samuel Mackeown, mtaalamu wa umeme kutoka chuo cha Caltech, aliwasaidia katika mambo ya nyaya.

Ombi lao liliwekwa serikalini tarehe 10 Juni 1941. Hati ya uvumbuzi namba 2,292,387 ilitolewa tarehe 11 Agosti 1942. Juu yake liliandikwa jina la Hedy Kiesler Markey, kwa kuwa wakati wa kuomba alikuwa mke wa Gene Markey. Asiyejua hakuweza kutambua kwamba huyo ndiye nyota wa sinema.

Lamarr na Antheil waliutoa uvumbuzi huo kwa jeshi la majini la Marekani. Jeshi halikuutumia. Antheil alieleza baadaye kwamba maofisa waliposoma habari za piano walidhani wanatakiwa kuingiza piano nzima ndani ya kombora. Lamarr yeye alipewa kazi nyingine: kuzunguka mijini akitabasamu ili watu wanunue hati za mkopo wa vita. Aliifanya, na mamilioni ya dola yalikusanywa. Sura yake ilipokelewa mara moja. Hati yake iliwekwa kabatini.

Marafiki wawili wa Bukavu

Ili kuelewa alichobuni, mtu wa Bukavu afikirie marafiki wawili wanaotaka kuzungumza siri. Wakikutana kila siku sokoni Kadutu, mpelelezi atawajua upesi. Basi wanapatana: saa mbili Kadutu, saa mbili na dakika tano Nyawera, kisha Nguba, kisha Panzi, kisha warudi Nyawera. Kila mahali wanasema maneno mawili tu, halafu wanaondoka. Mpelelezi anayekaa Nguba siku nzima atasikia neno moja au mawili yasiyo na maana.

Bluetooth inafanya hivyo, kwa kasi ambayo Antheil asingeweza kuifikia kwa karatasi. Bluetooth ya kawaida ina chaneli 79, kati ya megahezi 2402 na 2480, nayo huruka hadi mara 1,600 kwa sekunde moja. Badala ya karatasi yenye matundu, kila kifaa kina saa ndogo ndani yake, na mpangilio wa kuruka unatokana na saa na anwani ya kifaa kinachoongoza. Tangu toleo la mwaka 2003, vifaa vinajua pia kuziruka chaneli zenye msongamano, kama marafiki wale wanavyoweza kupatana kuiacha Kadutu siku ya soko.

Ilianzia mjini Lund, Sweden, katika kampuni ya Ericsson, ambako mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alianza kazi hiyo mwaka 1994. Mwaka 1998 makampuni matano, Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, yaliungana kuisimamia. Jina lilitokana na mfalme wa zamani wa Denmark, Harald, aliyeitwa Jino la Bluu.

Kwa nini basi inakatika?

Mfano wa marafiki wale unaeleza pia ile kero ya kila siku. Muungano unakatika kwa sababu marafiki hawakukutana. Kazi ya fundi ni kujua nani hakufika, na kwa nini.

Jambo hili linawahusu zaidi mafundi wanaoshughulika na vifaa vinavyoendeshwa na Linux: redio za gari za kisasa, televisheni za intaneti, na kompyuta ndogo zinazoenea kiganjani kama Raspberry Pi. Mifumo hiyo ina daftari ndani yake. Amri ya btmon, ikiachwa wazi wakati muungano unapokatika, huandika sababu kwa namba, na namba hiyo huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Ikiandikwa 0x08, maana yake muda umekwisha bila mwenzake kusikika: rafiki mmoja alisubiri, mwingine hakutokea. Hapo fundi atafute tatizo la mawimbi au la umeme. Ikiandikwa 0x13, kifaa cha upande wa pili kiliaga chenyewe, hivyo kosa litafutwe huko, si kwenye antena. Ikiwa 0x05 au 0x06, vifaa havikubaliani tena juu ya ufunguo wa siri: dawa ni kufuta muungano wa zamani pande zote mbili na kuunganisha upya.

Kwa 0x08, cha kwanza kuangaliwa ni umeme. Mahali ambapo watu wanategemea batri na umeme wa jua, kifaa mara nyingi hupata volti pungufu. Hakizimiki, lakini redio yake inalegea. Waya mwembamba wa kuchajia unatosha kuleta tatizo hilo, na Raspberry Pi huandika onyo daftarini kila volti zinaposhuka.

Cha pili ni jirani. Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inatumia uwanja uleule wa Bluetooth, na katika kompyuta nyingi ndogo zote mbili zinatoka kwenye chipu moja na antena moja. Kuihamishia Wi-Fi kwenye gigahezi 5, au kutumia waya wa mtandao, mara nyingi kunamaliza tatizo. Diski ya USB 3 iliyo karibu nayo hutoa kelele katika uwanja huohuo, hivyo isogezwe mbali kwa waya mrefu kidogo.

Cha tatu ni kifuniko. Kompyuta iliyofungiwa ndani ya kisanduku cha chuma ili isiibiwe inakuwa kama mtu aliyefungiwa nyumba asisikie anayeita. Mwili wa mtu nao, kwa kuwa una maji mengi, hupunguza mawimbi haya: simu iliyo mfuko wa nyuma na bafle iliyo mbele inaweza kukatika ingawa ni hatua chache tu.

Cha nne ni usingizi. Linux hupenda kuokoa umeme kwa kulaza vifaa vya USB visivyo na kazi. Kidonge cha Bluetooth kikilazwa katikati ya safari, kinapoamka mwenzake ameshaondoka. Mpango huo unaweza kuzimwa kwa kifaa hicho peke yake. Cha mwisho ni programu: BlueZ, inayosimamia Bluetooth katika Linux tangu 2001, pamoja na programu ndogo iliyo ndani ya chipu yenyewe, zinahitaji kusasishwa, kwa kuwa makosa mengi ya zamani yamekwisha kurekebishwa. Fundi abadilishe kitu kimoja tu kila mara, kisha ajaribu, la sivyo hatajua kilichoponya.

Miaka ya upweke

Baada ya vita, Lamarr alifikia kilele cha sinema mwaka 1949 kwa filamu ya Samson and Delilah. Mwaka 1953 akawa raia wa Marekani. Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1958. Aliolewa mara sita na kuachana mara sita. Alikuwa na watoto watatu.

Mwaka 1959 muda wa hati yake uliisha. Mwaka huohuo Antheil alikufa. Wote wawili hawakuwa wamepata hata senti moja kutokana na uvumbuzi huo. Transista, iliyovumbuliwa mwaka 1947, ilikuwa imefungua njia ya kufanya kwa umeme mtupu kile walichotaka kufanya kwa karatasi, na katika miaka iliyofuata mawimbi yanayoruka yaliingia katika mawasiliano ya kijeshi. Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu raia kutumia mbinu za aina hiyo bila kibali, na hapo mlango wa vifaa vya nyumbani ukafunguliwa.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Nikola Tesla alipata hati mwaka 1903 zinazogusa wazo la kutumia mawimbi zaidi ya moja, na mwanafizikia Mjerumani Jonathan Zenneck aliandika juu ya kubadilisha mawimbi mwaka 1908. Wala si kweli kwamba Lamarr aliunda Wi-Fi au simu za mkononi, kama inavyosemwa mara nyingi mitandaoni. Alichofanya yeye na Antheil ni kuchora chombo kamili cha kuzifanya pande mbili ziruke pamoja bila kupotezana. Hilo linatosha, halihitaji kuongezewa chumvi.

Uzee wake ulikuwa mgumu. Mwaka 1966 alishtakiwa kuiba dukani mjini Los Angeles, na mahakama ikamwachia. Upasuaji wa uso aliofanyiwa ili abaki kijana haukumsaidia. Alihamia Florida, akakataa kuonekana na watu, akazungumza na watoto wake zaidi kwa simu. Mwanamke aliyebuni njia ya kutopotezana hewani aliishi peke yake, na simu ndiyo iliyomwunganisha na watu.

Heshima iliyochelewa

Mwaka 1997 shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani lilimpa yeye na marehemu Antheil tuzo ya waanzilishi. Lamarr alikuwa na miaka 82. Hakwenda kuipokea, na mwanawe Anthony Loder alikwenda kwa niaba yake.

Alikufa tarehe 19 Januari 2000 nyumbani kwake Casselberry, Florida, akiwa na miaka 85. Watoto wake walipeleka sehemu ya majivu yake kwenye misitu ya Vienna, karibu na mahali baba yake alipokuwa akimweleza jinsi mashine zinavyofanya kazi. Mwaka 2014 jina lake liliingizwa katika jumba la wavumbuzi wa Marekani, na mwaka huohuo akapewa kaburi la heshima mjini Vienna. Katika nchi zinazozungumza Kijerumani, tarehe 9 Novemba, siku aliyozaliwa, inaadhimishwa kama siku ya wavumbuzi.

Luhwindja inajulikana mbali kwa dhahabu ya Twangiza, na milima ya Kivu kwa madini yanayoingia ndani ya simu za dunia nzima. Vijana wa huko wanaofungua simu zilizokufa na bafle zilizonyamaza, bila cheti chochote ukutani, hawajulikani hivyo. Hedy Lamarr naye hakuwa na cheti. Alikuwa na baba aliyejibu maswali yake, meza ya kuchorea, na masikio yaliyosikiliza wakati wengine walimtazama tu.

Miaka zaidi ya 80 imepita tangu hati yake iwekwe kabatini. Jioni hii, mtu wa Luhwindja atakayesogeza bafle yake mbali na ukuta wa mabati na kuusikia wimbo ukirudi, atakuwa amezikutanisha tena pande mbili zilizopotezana.